Siku Saba Entebbe: Picha ya Ndege Iliyotekwa

Katika mabanda ya video ya Kyela mjini, na hata huku kwetu Ipyana, hakuna picha zinazowajaza watu kama picha za ndege iliyotekwa. Siku ya gulio, mvua ikiwa imekatika na mpunga umekwisha anuliwa, vijana hutoa kiingilio chao, huketi juu ya mabenchi bega kwa bega, na yule mtafsiri husema Kiswahili juu ya sauti za Wazungu mpaka jasho limtoke. Wazazi wamekuja kwetu sisi walimu zaidi ya mara moja kutuuliza: Je, picha hizi zawafaa watoto wetu, au tuzikataze? Swali hilo si dogo, wala hatutaki kulijibu kwa neno moja. Tumeonelea afadhali tuchukue picha moja, tena iliyo bora katika jamii yake, tuipime mbele ya wasomaji kama mtu apimavyo mchele kwa debe, tuone kilichomo na kilichopungua.

Picha hiyo yaitwa 7 Days in Entebbe, maana yake Siku Saba Entebbe. Aliyeitengeneza ni José Padilha, mtu wa Brazil, ambaye zamani alipata sifa kwa picha ya askari polisi wa Rio de Janeiro. Picha ile ilipewa tuzo kubwa mjini Berlin mwaka 2008. Hii ya Entebbe nayo ilionyeshwa kwanza Berlin, mwezi wa Februari 2018. Wachezaji wake ni watu wenye jina: Daniel Brühl na Rosamund Pike ndio watekaji wawili wa Kijerumani, Lior Ashkenazi ndiye Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, Eddie Marsan ndiye Shimon Peres, waziri wa ulinzi, na Nonso Anozie ndiye Idi Amin. Tumeichagua kwa sababu habari yake ilitendeka kwa jirani zetu, na kwa sababu wako wazee wa wilaya hii waliofika Uganda kwa miguu yao, bunduki begani, miaka michache baadaye.

Kwa ajili ya wasomaji walio vijana, na tuyataje mambo yenyewe kwa ufupi. Siku ya Jumapili, tarehe 27 Juni 1976, ndege ya Air France iliondoka Tel Aviv kwenda Paris, ikatua njiani Athens. Hapo walipanda watu wanne: Wajerumani wawili, Wilfried Böse na Brigitte Kuhlmann, na Wapalestina wawili wa kundi la Wadie Haddad. Ndege ilipokwisha kuruka tena waliiteka, wakaipeleka Benghazi katika Libya ili ijazwe mafuta, kisha wakaiongoza usiku kucha mpaka Entebbe. Huko walikuta wenzao wakiwangoja, na Amin akawapokea. Walitaka wafungwa 53 wafunguliwe, walio wengi katika Israeli, na wengine katika Kenya, Ujerumani Magharibi, Uswisi na Ufaransa; la sivyo wangewaua abiria. Kisha waliwatenga Waisraeli mbali na wengine, wakawaachilia wale wengine kwa mafungu mawili. Rubani, Michel Bacos, na watumishi wote wa ndege walikataa kuondoka, wakabaki pamoja na waliobaki. Usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4 Julai, ndege nne za Hercules zilizosafiri zaidi ya kilometa 4,000 kutoka Israeli zilitua Entebbe gizani. Kabla ya dakika 100 kwisha kazi ilikuwa imekwisha. Mateka 102 walirudishwa salama. Walikufa mateka watatu katika mapigano, na jemadari mmoja wa Israeli, Yonatan Netanyahu, na watekaji, na askari wa Uganda ambao hesabu yao hutajwa kuwa kama 45. Hesabu hii ya mwisho tutairudia.

Sasa tuitazame picha. Kwanza tuseme jambo jema, maana lipo, tena si moja.

Picha nyingi za namna hii zina steringi, kama vijana wamwitavyo, mtu asiyepigwa na risasi, ajuaye yote, asemaye machache. Picha hii haina steringi wa jinsi hiyo. Mtu apendezaye kupita wote humo ni fundi wa ndege, Mfaransa aitwaye Lemoine, na kazi yake kubwa katika picha nzima ni maji. Watu mamia wamefungiwa katika jengo la zamani la kiwanja, vyoo vimeziba, mabomba hayatoi kitu, watoto wananuka; naye aomba vifaa, akunja mikono ya shati, ayatengeneza. Böse asimama karibu naye akisema juu ya mapinduzi ya ulimwengu, na yule fundi amjibu kwa maneno machache ambayo maana yake ni kwamba mtu mmoja ajuaye kutengeneza bomba ana faida kuliko wenye mapinduzi wengi. Banda zima lilicheka hapo. Nasi tulicheka, maana katika kijiji ambacho bomba likikauka akina mama hurudi mtoni na ndoo, hakuna asiyejua thamani ya fundi. Onyesho lile lina ukweli ambao hatujauona katika picha kumi za mizinga.

Jambo la pili jema ni jinsi picha ilivyowatazama watekaji wenyewe. Haikuwafanya mashetani, wala haikuwafanya mashujaa. Yatuonyesha vijana waliosoma, wenye vitabu na hasira, waliojiambia kwamba watawatetea wanyonge. Na halafu, kwa kufuata njia ile hatua kwa hatua, wajikuta wakishika bunduki mbele ya mzee mwenye namba ya kambi ya Wanazi iliyochorwa mkononi mwake. Wajerumani, tena wakiwatenga Wayahudi! Brühl acheza vizuri sana hapo. Uso wake ni wa mtu aliyeanza safari akijua aendako, na sasa hajui hata alipo. Kwa kijana anayedhani kwamba nia njema yatosha kumsafisha mtu matendo yake, onyesho hili lina mafundisho kuliko hotuba zetu za darasani.

Tena picha yasubiri. Siku nyingi kati ya zile saba zapita katika chumba cha mawaziri huko Israeli, Rabin akitaka kusemezana na watekaji, Peres akitaka kupeleka jeshi, kila mmoja akimwangalia mwenzake kama wazee wawili wanaogombea mpaka wa shamba. Vijana walinung'unika, walitaka bunduki. Sisi twasema hayo ndiyo yaliyo bora, maana vita vyote huanza chumbani, katika kiti, kwa mtu anayeogopa kuonekana mwoga.

Na ile ngoma? Tulikuwa tumeambiwa na watu walioitazama kabla yetu kwamba ina ngoma ndani yake, tukadhani ni mzaha. Kumbe ni kweli. Kijana mmoja wa jeshi ana mchumba wake mcheza ngoma, naye amwambia kwamba yeye apigana ili mchumba apate kucheza. Basi askari wanapoingia Entebbe usiku, picha yaruka huku na huku: mara bunduki, mara wachezaji waliovaa nguo nyeusi na kofia, wameketi katika viti kwa nusu duara, wakijirusha nyuma kama waliopigwa, wakivua mavazi yao na kuyatupa, na mmoja akianguka chini kila mara. Ngoma hiyo ni kazi ya Ohad Naharin, nayo ni nzuri peke yake. Hata wenzetu wa hapa, watu wajuao ngoma, waliisifu miguu ya wale wachezaji. Lakini kuwekwa hapo! Mtafsiri wetu alishikwa na haya, akanyamaza dakika nzima, jambo ambalo halijapata kutokea tangu banda lile lijengwe. Kisha akasema, Wanaomboleza. Labda amekisia vema kuliko mtengenezaji mwenyewe.

Sasa tufike kwenye shina la maneno yetu.

Mzee mmoja aliyekwenda vita vya Uganda alikuwa ameketi mbele yetu. Picha ilipoonyesha kiwanja, alisogea, akatazama, akageuka akatuuliza ziwa liko wapi. Hatukuwa na jibu. Entebbe ni rasi iliyoingia ndani ya Ziwa Victoria. Anayefika kwa ndege huona maji kabla ya kuona ardhi, na udongo wa nchi ile ni mwekundu, na majani yake hayakauki. Katika picha udongo ni mweupe na mkavu na mawe yake ni ya rangi ya mfupa. Sababu yake ni rahisi. Picha hii haikupigwa Uganda. Ilipigwa katika kisiwa cha Malta na nchi ya Uingereza. Mzee yule alilijua hilo kwa macho yake tu, bila ya kuambiwa na mtu, kwa kuwa mtu aliyezaliwa kando ya ziwa halisahau ziwa la wengine.

Pengine msomaji atasema, hilo ni jambo la gharama, watengenezaji hupiga picha mahali penye nafuu. Tungekubali, kama nchi tu ndiyo iliyokosekana. Lakini na watu pia wamekosekana. Baada ya picha kwisha tuliwauliza watoto wa darasa la saba waliokuwapo: Mmesikia majina mangapi ya watu? Wakataja Rabin, wakataja Peres, wakataja Böse na Brigitte na yule fundi. Tukauliza: Na ya Waganda? Wakajibu: Amin. Tukangoja. Hawakuwa na la pili.

Huyo Amin naye ni nusu ya mtu. Nonso Anozie ni mchezaji mwenye mwili mkubwa na sauti ya kutosha, lakini kazi aliyopewa ni kuingia akicheka, kusema maneno makubwa, na kutoka. Watu wa Ulaya wamezoea kumcheka Amin, naye aliwasaidia wamcheke. Kwa sisi huku hakuwa kichekesho. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, yakaua watu na kuvunja daraja, na vijana wa mikoa yote ya Tanzania, wa Mbeya pia, wakapelekwa kumrudisha alikotoka. Picha inayomwonyesha Amin kama mtu wa kufurahisha wazungu kwa dakika tatu haikukosea tarehe wala mavazi, imekosea uzito.

Na wale askari 45? Katika picha hawana uso. Wasimama mlangoni, wageuka, waanguka. Mmoja anaanguka karibu na motokaa ile nyeusi ya Mercedes ambayo Waisraeli walikuja nayo ili wadhaniwe kuwa msafara wa Amin mwenyewe. Wengine waanguka mnarani. Banda letu lilipiga makofi. Hapo ndipo tulipokaa kimya, sisi na yule mzee, kwa kuwa wale waliokuwa wakianguka walikuwa vijana wa mashambani kama hawa waliokuwa wakipiga makofi, walioandikwa jeshini kwa ajili ya mshahara na viatu, waliowekwa zamu usiku ule na bwana ambaye hawakumchagua. Hatusemi kwamba mateka wasingeokolewa. Mtu aliyefungiwa pamoja na watoto na bunduki mlangoni ana haki ya kuokolewa, na waliokuja kumwokoa walikuwa mashujaa. Lakini picha iliyopata muda wa kuonyesha ngoma nzima, tangu kiti cha kwanza mpaka cha mwisho, haikupata muda wa kuonyesha uso mmoja wa askari wa Kiganda akinywa chai yake saa nne ya usiku.

Hapa yatupasa kuwa waadilifu. Kosa hili halikuanza na Padilha. Tukio lilikuwa bado na moto wake Wamarekani walipotengeneza picha mbili za televisheni: moja ilionyeshwa Desemba 1976, ya pili Januari 1977. Ile ya pili alikuwamo Charles Bronson, na Yaphet Kotto ndiye aliyekuwa Amin. Mwaka huo wa 1977 Menahem Golan, Mwisraeli, alitoa yake, nayo ikapendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Zote tatu ni nyimbo za ushindi, na mwimbaji wa ushindi hana haja ya jina la aliyeanguka. Golan huyo huyo ndiye aliyetengeneza mwaka 1986 ile Delta Force ambayo kila kijana wa Kyela ameiona mara tano, ndege yatekwa tena, na Chuck Norris aja na pikipiki irushayo makombora. (Waendesha bodaboda wa stendi ya Kyela wameiona picha hiyo, tumeyathibitisha hayo kwa mwendo wao.) Padilha ameshinda hao wote kwa akili na kwa upole. Ndiyo maana twamdai zaidi. Yeye alisema kwa picha yake kwamba pande mbili zisiposemezana vita haviishi, na maneno ya mwisho ya Rabin kwa Peres ni hayo hayo. Neno jema kabisa. Lakini katika habari ile palikuwa na upande wa tatu, wenye nyumba, nao hawakuitwa mezani hata katika picha ya mtu anayehubiri mazungumzo.

Mtu wa Afrika Mashariki naye alijaribu. Sharad Patel wa Kenya alitengeneza picha juu ya Amin iliyotoka mwaka 1981, na Joseph Olita, mwana wa Kenya, akamcheza Amin kwa namna ambayo watu wengi wa rika letu hawawezi kumwona Amin mwenyewe katika gazeti bila ya kumwona Olita. Picha ile ina damu nyingi kuliko akili, wala hatuisifu kwa watoto. Lakini ndani yake Waganda wana majumba, wana wake, wana hofu, wasema. Kisha mwaka 2006 ikaja The Last King of Scotland, iliyopigwa Uganda yenyewe, na Forest Whitaker akapata Oscar kwa kumcheza Amin. Humo udongo ni mwekundu. Lakini macho tunayoazimwa ni ya daktari wa Kiskochi ambaye hakuwapo duniani, aliyebuniwa, na mwishoni yeye aondoka katika ndege pamoja na mateka walioachiliwa. Ndege yaondoka, sisi twabaki chini, na picha yakwisha.

Hilo ndilo tunalotaka wasomaji waliangalie. Picha za ndege iliyotekwa, karibu zote, hukoma ndege inapoondoka. Kwa abiria ndio mwisho wa habari, ni haki yao. Kwa watu wa nchi ambayo ndege ilitua, habari huanza hapo.

Maana yaliyofuata ni haya. Ndege za Israeli zilipokuwa zikirudi zilitua Nairobi zikatiwa mafuta, na majeruhi wakatibiwa huko. Amin alipojua, aliwageukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda: wafanyakazi wa reli na mashamba, wachuuzi, wanafunzi. Waliouawa katika majuma yale hutajwa kuwa zaidi ya 200, na wengine wakakimbilia mpakani na watoto wao. Hao hawakuteka ndege wala hawakuiokoa. Mwezi wa Mei 1978 Bruce McKenzie, aliyekuwa waziri wa kilimo wa Kenya, ambaye husemwa kuwa aliwasaidia Waisraeli, aliuawa kwa bomu ndani ya ndege ndogo aliyopanda kutoka Entebbe. Na usiku wa mwisho wa mwaka 1980, tarehe 31 Desemba, bomu lilipasuka katika hoteli ya Norfolk, Nairobi, mali ya ukoo wa Kiyahudi wa Kenya, watu wapatao 20 wakafa, wakiwamo wapishi na watumishi wa mezani. Hilo nalo watu wengi walilisema kuwa kisasi cha Entebbe. Siku saba, kumbe, zilikuwa miaka minne na zaidi.

Kuna utekaji mwingine ulio karibu nasi zaidi, ambao picha yake hatujapata kuiona. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ilipelekwa Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na mwisho Stansted katika Uingereza, ambako Oscar Kambona aliitwa kusemezana nao. Walijitoa tarehe 28 Februari, abiria wakashuka wazima, na watekaji wakahukumiwa huko kwa sheria. Hapakuwa na Hercules wala Mercedes nyeusi. Pengine ndiyo sababu hakuna mtu wa mabanda aijuaye habari hiyo, ijapokuwa abiria wake walikuwa wa lugha yetu, na hofu yao siku zile mbili haikuwa ndogo kuliko ya wengine.

Na wako wale wa mwaka 1996. Tarehe 23 Novemba ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikielekea Nairobi ilitekwa na vijana watatu waliotaka ipelekwe Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaambia kwamba mafuta hayatoshi, hawakusadiki. Mafuta yakaisha juu ya Visiwa vya Komoro, naye akaitua baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Kati ya watu 175 walikufa 125. Mgeni mmoja aliyekuwa ufuoni aliinasa kwa kamera yake: ubawa mmoja wagusa maji, ndege yageuka, yavunjika. Ni sekunde chache tu, hakuna muziki, hakuna steringi. Kisha watu wa pwani na wageni wa hoteli wakaingia majini na mashua, wakaanza kuwatoa walio hai. Watu wetu wa Matema na Ikombe, waliozoea kuona ziwa likichafuka mchana mweupe na kuingiza mtumbwi bila ya kuuliza aliyemo majini ni mtoto wa nani, watalifahamu onyesho lile kuliko la mtu yeyote anayeruka na bunduki.

Basi wazazi waliotuuliza, jibu letu ni hili: hatuzikatazi. Mtoto aliyekatazwa Ipyana ataiona Kyela, na aliyekatazwa Kyela ataiona katika simu ya kaka yake. Hii ya Padilha twaruhusu waitazame walio wakubwa, kwa ajili ya yule fundi, na kwa ajili ya Böse mbele ya yule mzee mwenye namba mkononi. Lakini mkubwa mmoja aketi pamoja nao, na ikiwezekana awe mzee aliyefika Uganda, ili awepo mtu wa kuuliza ziwa liko wapi.

Limebaki jambo moja, nalo latuuma kuliko yote. Miongoni mwa mateka alikuwamo mama mzee, Dora Bloch, mwenye umri wa miaka zaidi ya 70, aliyekuwa safarini kwenda arusini kwa mwanawe New York. Chakula kilimkwama kooni Entebbe, akapelekwa hospitali ya Mulago, Kampala. Kwa hiyo usiku ule ndege zilipokuja na kuondoka, yeye hakuwamo. Huyu alikuwa mateka aliyebaki, peke yake, kitandani, katikati ya wauguzi wa Kiganda. Picha yamtaja mama huyu. Haiendi naye Mulago. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya wa Amin, ambaye alikimbia nchi mwaka 1977, alieleza baadaye kwamba maofisa wawili wa jeshi walimburuta kutoka kitandani, wakamwua kwa amri ya Amin. Serikali ya Uganda ilisema alikuwa amekwisha rudishwa kwa wenzake. Kabla ya mwezi kwisha Uingereza, ambayo mama huyo alikuwa raia wake pia, ilivunja ubalozi wake na Uganda.

Yasimuliwa kwamba mtu mmoja aliiona maiti yake akaipiga picha. Naye alikuwa Mganda, Jimmy Parma, mpiga picha wa gazeti la Voice of Uganda. Hakuwa na wachezaji wala mwanga wa taa za sinema. Alikuwa na kamera yake na jambo ambalo wakubwa wa nchi walilikana. Aliuawa kwa ajili ya picha hiyo. Tumetazama Entebbe ya Malta, na ya Wamarekani, na ya Golan, na jina la Parma hatukulisikia humo. Twaliandika hapa ili wale watoto wa darasa la saba wawe na jina la pili.

Mwezi wa Aprili 1979 askari wa Tanzania waliingia Entebbe, na siku chache baadaye Kampala. Amin akakimbia, akaishi uhamishoni mpaka alipofia Jeddah mwaka 2003. Ni baada ya hapo tu ndipo ilipowezekana kumtafuta yule mama. Mifupa yake ilionekana mwaka huo huo wa 1979 karibu na shamba la miwa, kama kilometa 30 mashariki ya Kampala, upande wa njia iendayo Jinja. Ilichukuliwa ikapelekwa Yerusalemu, ikazikwa huko.